Besi mpya ya dukani au Yamaha iliyochubuka? Tazama shingo kwanza

Swali limetoka kwa msomaji wa Tanga: "Shikamoo fundi. Napiga besi kwenye kwaya ya vijana, huu ni mwaka wa tatu, na muda wote natumia gitaa la kanisa. Nimejikusanyia shilingi 700,000, nataka langu. Dukani kuna besi mpya kabisa ya 480,000, ina begi na kebo yake, ila jina lake sijawahi kulisikia. Kuna kaka mmoja naye anauza Yamaha ya nyuzi nne aliyoitumia miaka mingi, anataka 550,000. Imechubuka rangi, nyuzi zina kutu, na ukizungusha nobu ya volyumu inakwaruza. Wenzangu wote wananiambia nichukue mpya. Wengine wanasema ningoje nipate ya nyuzi tano. Na hapa kwetu chumvi ya bahari inakula kila chuma. Nifanyeje?"

Marahaba mdogo wangu, na hongera. Kujinyima mpaka kufikisha laki saba kwa ajili ya chombo ni kazi, ndiyo maana sitaki pesa hiyo ipotee.

Jibu langu ni hili. Kama shingo ya ile Yamaha ni nzima, chukua Yamaha. Kama ina hitilafu, iache, hata huyo kaka akikushushia mpaka 300,000. Mchubuko wa rangi, kutu ya nyuzi, mkwaruzo wa volyumu, yote uliyonitajia yanamalizika kwa jioni moja na gharama ndogo. Shingo hukuitaja kabisa, na ukinunua besi unanunua shingo. Vingine vyote vinabadilishika.

Nyuzi nne za besi zikishatyuniwa, yaani kukazwa mpaka sauti yake sahihi, zinaivuta shingo kwa nguvu inayozidi kilo 70, usiku na mchana, hata gitaa likiwa limelala begini. Ni kama kumning'iniza mtu mzima kwenye kipande cha mti kisichozidi sana unene wa mpini wa jembe, miaka kumi, miaka ishirini. Kinachozuia mti huo usipinde kama upinde ni nondo nyembamba ya chuma iliyopitishwa ndani yake, tunayoiita trasrodi. Mti uliokaushwa vizuri kabla ya kuchongwa, trasrodi inaumudu. Uliochongwa ungali na maji unaendelea kukauka na kujinyonga ukiwa tayari mikononi mwako, na mti uliojinyonga hakuna fundi atakayeunyoosha ukanyooka kweli. Ndiyo sababu naiogopa besi mpya ya jina lisilojulikana: haijapata muda wa kuonyesha tabia yake. Ile Yamaha imeshakaa miaka mingi. Kama ilikuwa ya kujinyonga, imeshajinyonga, na ukitazama utaona.

Mimi hili nililijua baada ya kuumia. Enzi napiga kwenye bendi ya dansi niliuziwa besi nyekundu inayong'aa, usiku, baada ya onyesho, nyuma ya jukwaa penye balbu moja. Aliyeniuzia aliipiga mbele yangu, ikalia vizuri, nikatoa pesa. Asubuhi nikaishika nyumbani kwenye mwanga wa dirisha, nikaona nyuzi zimeinuka katikati kiasi kwamba ncha ya kidole inapita chini yake. Nikachukua alenki, ule ufunguo wa chuma wa pembe sita, nikaze trasrodi. Ilizunguka kidogo tu ikagota. Waliotangulia walikwisha kuikaza mpaka mwisho, hapakuwa na nafasi tena. Niliipiga besi ile mwaka mzima kwa maumivu ya kiganja, kisha nikaivunja nikauza funguo zake za kukazia nyuzi na pikapu, yaani sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi, kama vipuri. Tangu siku hiyo besi ikiletwa mezani kwangu, hata kabla ya kumuuliza mwenye nayo ina shida gani, natazama shingo.

Sasa wewe utaitazamaje? Nenda mchana. Kabla ya lolote tyuni nyuzi zote mpaka sauti yake sahihi, kwa tyuna ya kwenye simu kama huna nyingine, kwa sababu nyuzi zikiwa zimelegea shingo inakudanganya: iliyopinda inaweza kuonekana imenyooka. Kisha simamisha besi kwa kitako chake, weka jicho kwenye kichwa, utazame ukingo wa shingo kuelekea kwenye bodi, vile seremala anavyopima ubao kwa jicho moja. Tazama ukingo wa uzi mnene, halafu wa uzi mwembamba. Kila ukingo unatakiwa uonekane umenyooka, au uwe na bonde dogo sana katikati. Bonde hilo dogo ni zuri, tunalitaka. Usilolitaka ni kuona upande mmoja una bonde na mwingine hauna, kwamba shingo imejikunja kama nguo inayokamuliwa. Hiyo ndiyo inayoitwa kujinyonga. Ukiiona, mshukuru kaka, urudi nyumbani.

Bonde lenyewe lipime hivi. Bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo) kwa kidole cha mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia ubane uzi huohuo kwenye freti ya mwisho. Uzi sasa umekuwa rula. Mwambie mtu apenyeze kadi ya mchango wa harusi kati ya uzi na freti ya saba au ya nane. Ikipita kwa kugusagusa, nafasi iko karibu milimita 0.3, na hapo shingo imekaa inavyotakiwa. Zikipita kadi tatu, shingo imepinda mbele na inataka kukazwa. Isipopita hata moja na uzi umelalia freti, imepinda nyuma na inataka kulegezwa. Yote mawili ni ya kawaida, mradi trasrodi inazunguka. Kwa hiyo mwombe ruhusa ujaribu. Kichwa cha trasrodi utakiona chini ya kifuniko kidogo pale kwenye kichwa cha gitaa, au mwishoni mwa shingo inapokutana na bodi. Alenki ya saizi yake kamili, robo ya mzunguko tu: kulia unakaza, kushoto unalegeza. Ikizunguka kwa uzito wa kawaida, vizuri. Ikiwa imegota, au inazunguka bure bila kushika chochote, usilazimishe. Akikataa usiiguse, ni haki yake, lakini na wewe ni haki yako kuifikiria upya bei yake.

Kuna alama nyingine ambayo wauzaji hawaikumbuki kuificha. Angalia pale kwenye daraja, vile vyuma vidogo vinavyobeba kila uzi. Vina skrubu za kuvipandisha na kuvishusha. Ukiona vimeshushwa vyote mpaka vimelala chini kabisa, na bado nyuzi ziko juu, jua kuna mtu aliyekuwa akipambana na shingo mbovu mpaka akaishiwa pa kushusha. Kwenye besi nzima, nyuzi zikiwa milimita 2 hadi 2.5 juu ya freti ya 12, vyuma hivyo bado vinakuwa na nafasi ya kwenda juu na chini. Hata kama unanunua kwa picha za simu, omba picha ya daraja kutoka ubavuni. Inasema mengi kuliko ile ya mbele yenye rangi.

Freti sasa. Piga kila noti, kila uzi, kutoka freti ya kwanza mpaka ya mwisho, polepole, bila amplifaya. Ni zaidi ya noti 80, zipige zote. Unasikiliza inayolia kama nyuki na inayokufa ghafla. Tazama pia kama nyuzi zimechimba mifereji kwenye freti za mwanzo, maana mpiga besi wa kwaya anaishi freti ya kwanza hadi ya saba. Mfereji usio na kina fundi anausawazisha kwa tupa. Ulioingia mpaka freti imebaki bapa maana yake ni kung'oa na kuweka freti mpya, na gharama hiyo uitoe kwenye bei. Ukikuta noti moja inakufa kwenye uzi mwembamba, karibu na freti ya tano mpaka ya saba, usiogope sana. Hata besi za gharama kubwa zinakuwa nayo. Ni mti wenyewe unaomeza mtetemo wa sauti hiyo.

Mkwaruzo wa volyumu ni vumbi na kutu ndani ya nobu. Dawa yake ni spree ya kusafishia vyombo vya umeme: unafungua kifuniko cha nyuma, unapuliza ndani ya nobu, unaizungusha huku na huku mara ishirini. Ikikataa, nobu mpya ni kitu kidogo. Jambo la kuhakikisha ni pikapu. Chomeka kwenye amplifaya, volyumu chini, gonga taratibu juu ya kila pikapu kwa ncha ya bisibisi. Usiposikia "tok" yoyote, pikapu imekufa au waya umekatika. Kama ina pikapu mbili nyembamba na ukifungua moja peke yake inaunguruma, ukizifungua zote sawa inatulia, hiyo ndiyo asili yake, wala si ubovu. Na ukikuta ni ile yenye betri ya volti 9 mgongoni na haitoi sauti, badilisha betri kabla ya kuisema vibaya. Nimeshaletewa besi "iliyoungua" kutoka mkoa mwingine, nauli ya kwenda na kurudi, kumbe ni betri. Betri hiyo huliwa muda wote kebo ikiwa imechomekwa, hata kama hupigi. Ukimaliza ibada, chomoa kebo kwenye gitaa.

Wenzako wanaokwambia uchukue mpya wanafikiria kama watu wa simu na televisheni, vitu ambavyo kila mwaka vinapitwa. Besi haikwenda hivyo. Mwaka 1951 Leo Fender, mtengeneza magitaa wa Marekani, alitoa besi ya umeme aliyoiita Precision Bass kule California: shingo imefungwa kwenye bodi kwa skrubu nne, urefu wa uzi kutoka kichwani hadi darajani inchi 34, nobu mbili tu. Jazz Bass ikafuata mwaka 1960. Hadi leo, besi nyingi utakazozishika zinafuata vipimo hivyohivyo, pamoja na Yamaha nyingi za nyuzi nne, ndiyo maana fundi wa Tanga, Kampala au Bukavu anaweza kuzitengeneza. Ikiharibika funguo, utapata inayoingia. Ikiharibika pikapu, utapata. Besi isiyo na jina mara nyingine ina matundu ya vipimo vyake yenyewe, na hapo unaanza kuchonga na kuziba. Halafu siku utakayotaka kuiuza ununue kubwa zaidi, Yamaha itapata mnunuzi wiki hiyohiyo.

Kama mpya ya dukani ingekuwa Yamaha, Ibanez, Cort au Squier, ningekujibu kwa kupima zaidi, kwa sababu besi zao za bei ya chini za siku hizi zimetengenezwa kwa uangalifu. Hata hivyo ningekuambia uipime kwa kadi na jicho vilevile. Gitaa lililosafiri baharini ndani ya kontena linafika na shingo iliyohama, na dukani hakuna aliyeligusa. Ukikutana na iliyoandikwa Fender kwa bei ya besi isiyo na jina, tahadhari, jina ni stika tu. Tazama namba nyuma ya kichwa au kwenye bati la skrubu, uihakiki kwenye tovuti ya kampuni.

Nyuzi tano ni swali la haki, najua linatoka wapi. Mpiga kinanda anahamisha ufunguo wa wimbo kwa kubonyeza kitufe kimoja, kwaya inaimba kwenye E-flati, nusu sauti chini ya E, na wewe noti yako ya chini inaishia E. Lakini ule uzi wa tano, B ya chini, unatetemeka mara 31 tu kwa sekunde. Spika nyingi za makanisani hazina uwezo wa kuitoa sauti hiyo, zinatoa kelele ya karatasi. Na kwenye besi ya bei ndogo uzi huo unalegea kama kamba ya kuanikia nguo. Kwa 700,000 nunua nyuzi nne nzuri. Wimbo ukidai, legeza uzi mnene kutoka E mpaka D kabla haujaanza, utapata E-flati yako na zaidi.

Ukiridhika na shingo, mwambie kaka kwa adabu kwamba nyuzi ni za kutupa na volyumu inahitaji kazi, umpe 500,000. Akikaza 550,000 bado ni bei ya kukubalika. Andikishaneni, ikiwezekana kwa mwenyekiti wa mtaa, na namba ya gitaa iandikwe kwenye karatasi hiyo. Magitaa huibwa makanisani. Kinachobaki kigawe kwenye nyuzi mpya, fundi wa kuiseti, begi lenye sponji nene, na mkanda mpana. Nyuzi za besi zina bei, usizifananishe na za gitaa la solo. Mkanda usiudharau: besi ina karibu kilo nne, na ibada ya mkesha ni saa ngapi unasimama nayo?

Kuhusu nyuzi zenyewe, zipo za duara, zile zinazokwaruza kidole kama msumeno mdogo, na zipo bapa, laini kama zimepigwa pasi. Za duara zina sauti kali, na kwenye sebene ndizo zinazotoa ule mlio wa kugonga. Bapa zina sauti nzito iliyotulia. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye rekodi nyingi za Motown, kampuni ya muziki ya kule Detroit, Marekani, alitumia bapa na alijulikana kwa kutozibadilisha mpaka zikatike. Kwa mtu wa pwani bapa zina faida ya ziada: jasho na chumvi havina mifereji ya kujificha, zinadumu. Ila wewe ni wa kwaya ya vijana, mna sebene, kwa hiyo weka za duara, saizi 45 mpaka 105 (ni unene wa nyuzi kwa elfu za inchi).

Unapozibadilisha, toa mmoja weka mmoja, shingo isiachwe bila mzigo. Uzi uvute ubaki kama sentimita 12 kupita funguo yake, uukunje kwanza ndipo ukate, kwa sababu ukiukata bila kuukunja waya wa nje unaweza kulegea na sauti ikafa. Ncha iingize kwenye tundu la katikati ya funguo, mizunguko ishuke kuelekea chini, isipandane. Zikichakaa na mfuko ukiwa mkavu, zitoe uzichemshe dakika kumi, uzikaushe kabisa kwa kitambaa kisha juani, uzirudishe. Zitang'aa wiki chache. Usifanye zaidi ya mara moja au mbili, zinadhoofika.

Chumvi ya Tanga naijua. Kinachoiua besi ya pwani ni jasho lililoachwa juu ya chuma usiku kucha, basi dawa yake ni kipande cha fulana ya pamba ndani ya begi. Kila ukimaliza, shika uzi kwa kitambaa juu na chini, upitishe kutoka kichwani mpaka darajani, mara mbili. Dakika moja. Skrubu za daraja, mara moja kwa mwezi, zifute kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya cherehani, la sivyo mwaka wa pili alenki haitaingia. Vile vipakiti vya chumvichumvi vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, vitie kwenye begi, hunyonya unyevu. Kama ubao wa vidole ni wa rosewood, mti wa ukoo mmoja na mpingo wetu, upake mafuta ya mbao kidogo sana mara mbili kwa mwaka. Ukiwa ni mweupe wenye vanishi, kitambaa kikavu kinatosha.

Masika yakianza, mti unanyonya maji na shingo inahama. Kaskazi ikikausha hewa, inahama tena. Ndiyo maana besi iliyokuwa nzuri Januari inaanza kulia kama nyuki mwezi wa nne, na watu wanadhani imeharibika. Rudia kipimo cha kadi, robo ya mzunguko, tyuni, iache mpaka kesho, upime tena. Shingo ikishatulia, piga uzi mtupu kisha ubane freti ya 12, tyuna ikionyesha iliyobanwa imepanda, sogeza kile chuma cha daraja nyuma, mbali na shingo. Ikionyesha imeshuka, kisogeze mbele. Na usiiache kwenye gari lililoegeshwa juani, wala usiiegemeze ukutani kwa shingo.

Moja la mwisho kwa usalama wako. Ukigusa maikrofoni kwa mdomo huku mkono uko kwenye nyuzi ukapigwa shoti, zima, ondoka. Hilo ni tatizo la ethi, waya unaopeleka umeme ardhini, ya jengo au ya amplifaya, na limeshaua wanamuziki. Fundi umeme aitwe kabla ya wimbo mwingine.

Kama Jumamosi ukiitazama ile Yamaha ukakuta shingo imejinyonga, usikimbilie ile ya dukani kwa hasira. Rudi na pesa yako, nunua nyuzi mpya uzifunge kwenye besi ya kanisa, uifanyie kipimo cha kadi. Huenda miaka mitatu yote hiyo hujawahi kuisikia inavyolia ikiwa imesetiwa, na ukiwa na hiyo unaweza kungoja mpaka Yamaha nyingine ijitokeze.